Mlinzi wetu analia usiku kucha, na jirani amerudisha sahani tupu

Shikamoo Mjomba,

Nakuandikia saa tisa za usiku. Nimekaa kwenye kigoda uani, mtoto wa mbwa yuko mapajani kalala fofofo. Nikimrudisha kizimbani ataanza tena. Huu ni usiku wa nne.

Sisi tunakaa Muyeye, hapa Malindi. Mwezi uliopita wezi waliruka ua wakaondoka na pampu ya maji na kuku sita, ndipo mume wangu akasema tufuge mbwa. Rafiki yake wa Watamu alikuwa na jike aliyezaa, akatupa dume mmoja wa wiki tisa, mwekundu, miguu ya mbele kama kavaa soksi nyeupe. Watoto wamemwita Simba. Mchana ni Simba kweli, anatafuna ndara, anafukuza kuku waliobaki. Jua likizama anageuka mtoto mchanga.

Mume wangu alimwendea seremala akamchongea kizimba kizuri cha mbao, kikubwa, cha kumtosha hata akishakuwa jibwa zima. Tukakiweka chini ya mwembe karibu na jiko. Saa tatu usiku tunamfungia. Dakika tano hazipiti, anaanza kukwaruza mbao, halafu ananung'unika, halafu anapiga kelele kama kabanwa na mlango. Sauti ikimkauka anapumzika kidogo, kisha anaanza upya. Asubuhi namkuta amejikojolea na kukanyaga kinyesi chake, maskini, kimempanda mpaka masikioni. Nikimfungulia anatoka mbio, na mchana kutwa hataki hata kukisogelea hicho kizimba. Watoto nao wakimkuta na kiatu mdomoni humsukumia humo humo kumtia adabu.

Usingizi wangu ningeuvumilia. Shida ni kwamba ukuta kwa ukuta nasi kuna bi mkubwa mwenye presha, mtu wa kuamka usiku kusali. Sisi tunasali kanisani, yeye ni Mwislamu, na tumekaa naye miaka minane bila neno baya. Juzi alimtuma mjukuu wake aturudishie sahani yetu, ile niliyompelekea mahamri. Sahani imekuja tupu. Na salamu: "Bibi anauliza, huyo mnyama anaumwa?" Mjomba, wewe ni mtu wa hapa, unajua sahani ikirudi tupu maana yake nini.

Ushauri nimepewa hadi umenizidi. Mume wangu, ambaye ni dereva wa tuktuk na hurudi saa sita usiku, anasema tumwache alie, atachoka. Mama mkwe anasema nigonge kizimba kwa mwiko mara moja tu, kwa nguvu. Shoga yangu kazini anasema nimtilie dawa ya mafua ya watoto kwenye maziwa yake ya jioni, alale. Mimi nikimshika ananyamaza, nikimwacha analia, na naona namdekeza. Nimrudishe kwa mama yake?

Asiyelala, Muyeye


Marahaba mwanangu, na pole kwa kukesha.

Kabla ya yote, hiyo dawa ya mafua mrudishie shoga yako. Nyingi zina paracetamol, na mwili wa mbwa, tena kilebu wa kilo mbili tatu, hauiwezi. Ibuprofen ni balaa zaidi, huchoma tumbo na figo. Maziwa ya ng'ombe nayo yasimamishe. Vilebu wengi huharisha kwayo, na uchafu unaoukuta asubuhi huenda umeanzia kwenye hicho kibakuli.

Sasa Simba mwenyewe. Wiki tisa zote za maisha yake amelala kwenye rundo, tumbo la huyu juu ya mgongo wa yule, mama ubavuni. Siku moja akachukuliwa, akaletwa mahali pasipo na harufu hata moja anayoijua, akafungiwa gizani chini ya mwembe, na msimu huu wa maembe popo wanapigana matawini mpaka alfajiri. Kwa kiumbe wa umri ule kuachwa peke yake usiku ni mauti, na silaha aliyozaliwa nayo ni moja, kupiga kelele mpaka mama amsikie. Ulipotoka na kigoda chako akanyamaza. Wewe unaita kudeka. Mimi naona alikuwa akiita mtu, na mtu akaja.

Mumeo hakukosea kabisa. Wapo wanaonyamaza kwa kuchoka. Lakini kinachobaki kichwani mwa mbwa huyo ni kwamba kizimba ni pale unapoachwa na watu, na ndiyo maana Simba hataki hata kukisogelea mchana. Mwiko wa mama mkwe utamwongezea jambo jingine la kuogopa, nalo ni mkono wako.

Nasema hivi kwa kuwa nimeshalifanya kosa hilo mwenyewe. Nina shamba Msabaha, upande wa msitu wa Arabuko-Sokoke, na anayelima kule anawajua nyani. Wakiingia kwenye mahindi asubuhi, saa nne huna la kuvuna. Mimi ni Mwislamu, Mshafii kama wengi wa pwani hii, na mbwa wa kulinda shamba ameruhusiwa. Nikachukua mmoja, mdogo kama wako, nikamfunga kamba chini ya mkorosho. Alilia usiku tisa. Wa kumi kukawa kimya, nikajisifu kwamba ameshika adabu. Asubuhi nikaikuta kamba imetafunwa, na mbwa amelala kwenye jivu la jiko la kibarua wangu, pua imegusana na mlango wa chumba chake. Akaninyanyulia jicho moja, akalifumba.

Aliyemfuata nilimlaza kizimbani kando ya kitanda changu kwenye banda la shamba. Mke wangu alipokuja alilalamika sana, akahamishia msala wake na nguo za sala chumba cha pili. Mbwa yule hakulia zaidi ya usiku mbili, na nyani wakamjua kwa jina.

Basi leo leo kiingize kizimba ndani, kiweke ubavuni mwa kitanda chako, karibu kiasi kwamba ukishusha mkono vidole vinafika kwenye upenyo wa mbao. Najua utasema tumemleta kuwa mlinzi, si mgeni wa chumbani. Mlinzi wa wiki tisa hamlindi mtu, mwanangu. Uani atarudi akishakua.

Kabla hakijaingia, kifanyie kazi mbili. Ya kwanza, kipunguze. Seremala amewatengenezea nyumba ya mbwa mzima, na hapo ndipo penye siri ya mikojo. Mbwa kwa tabia yake hapendi kuchafua anapolala, lakini ukimpa nafasi kubwa hulala pembe hii na kufanya choo pembe ile. Weka ubao katikati, ukaze vizuri usije ukamwangukia, abaki na nafasi ya kusimama, kujigeuza na kujinyoosha tu. Ubao utausogeza kadiri anavyokua. Ya pili, kisugue chote kwa maji na siki. Harufu ya mkojo ikibaki, kwake hicho ni choo.

Ndani mtandikie kanga yako ya kushindia, ile uliyopikia na kufagilia siku nzima, usiifue. Na mume wako akipata abiria wa Watamu ampe rafiki yake kitambaa, kisuguliwe kwenye tumbo la mama mbwa na pale wanapolala ndugu zake, kirudi kwenye mfuko uliofungwa. Kitu kidogo sana hicho, lakini mbwa huishi kwa pua, na nimeona kilebu akikifukua kitambaa cha namna hiyo, akakikumbatia kwa miguu yote miwili na kutoa pumzi moja ndefu kama mzee aliyevua viatu.

Wenye mbwa nchi za baridi hufunika kizimba blanketi. Kwa joto hili la kaskazi usithubutu. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, hujipooza kwa kuhema, na kizimba kilichozibwa ni tanuri. Ukitaka kumpa giza, tupia leso nyepesi pande tatu na wa nne uelekee dirisha. Na moshi wa dawa ya mbu uwe mbali na pua yake.

Mchana ndiyo kazi yenyewe, ingawa watu hudhani ni usiku. Kizimba kikae wazi, na chakula chake chote akilie humo. Kwa umri wake ni mara tatu au nne kwa siku, na ugali mtupu haumtoshi, changanya dagaa waliochemshwa au samaki uliyemtoa miiba. Mara ya kwanza weka bakuli mlangoni kabisa ale na makalio nje. Kesho lisogeze ndani. Akishaingia mwenyewe bila wasiwasi, funga mlango akiwa anakula, fungua kabla hajamaliza. Kisha achelewe dakika mbili, tano, kumi, wewe ukiwa hapo hapo unachagua mchele. Kila ukipita mtupie dagaa mmoja ndani, akaokote. Na watoto waambie, tena kwa ukali, kizimba si jela. Akikamatwa na kiatu mpeni kifuu cha nazi atafune, viatu vipandishwe juu.

Usiku wenyewe uende hivi. Chakula cha mwisho saa kumi na mbili jioni. Maji usimnyime kwenye joto, ila kuanzia saa mbili mpe kidogo kidogo. Jioni acheze na watoto mpaka achoke, lakini saa nzima kabla ya kulala pawe shwari. Saa tatu mtoe uani, pale pale kila siku, nyasi zile zile, umsubiri mpaka akojoe, umsifu kwa sauti ya chini, kisha ndani.

Atalia. Usishangae, usiku wa kwanza atalia hata ukiwa ubavuni. Shusha mkono, weka vidole penye upenyo, anuse. Usimwite jina, usimwimbie, usimtoe. Utamsikia akikwaruza, akizunguka, akigonga mbao na mgongo, akitema puu ya hasira. Halafu utahisi pua ya majimaji kwenye kidole chako, na pumzi ikipungua kasi. Dakika ishirini labda, labda na zaidi. Mkono utaingia ganzi, badilisha.

Kuna kitu utakisikia mwenyewe baada ya siku mbili, kwamba vilio si kimoja. Cha kulalamika hupanda na kushuka, kina vituo, kana kwamba anatega sikio aone kama unakuja, na kwa kawaida hufifia. Cha haja ni tofauti. Alikuwa amelala kimya, ghafla anaamka, anahangaika, anazunguka akinusa sakafu, na kilio kinazidi kuwa chembamba na cha haraka. Hicho usikiache. Kipo na cha tatu, kilio cha ghafla cha maumivu. Washa tochi ya simu utazame sakafu. Punje ya ugali iliyobaki huita sisimizi, na nilishakesha nusu usiku nikimlaumu mbwa kumbe wanamla tumboni.

Kibofu chake kina hesabu. Kadirio la wafugaji ni umri kwa miezi, ongeza moja, ndizo saa anazoweza kujizuia. Simba ana miezi miwili, basi ni kama saa tatu. Sasa angalia ratiba yenu ilivyo ya baraka: mumeo anarudi saa sita. Kabla hajavua shati amtoe Simba, ambebe mikononi mpaka penye nyasi, maana akitembea mwenyewe atamwaga njiani. Wewe tega alamu saa tisa. Uamke kabla yeye hajalia, hapo ndipo penye ufundi. Ukingoja alie ndipo umtoe, umemfundisha kwamba mlango hufunguliwa kwa kelele. Ukimtangulia, hana haja ya kupiga kelele. Nje hakuna mchezo wala mazungumzo wala taa kali. Akojoe, umpapase, arudi. Saa kumi na mbili anaamka nanyi. Baada ya wiki moja sogeza alamu mbele nusu saa, na wiki inayofuata tena nusu saa. Wengi wakifika miezi minne hulala usiku mzima.

Akishakuwa na usiku nne au tano za utulivu, anza kukihamisha kizimba, hatua moja tu kwa usiku. Kutoka kitandani mpaka mlangoni, kutoka mlangoni mpaka ukumbini. Akirudia kulia, rudi hatua moja ukae hapo siku mbili. Uani asiende kabla ya miezi minne au mitano, na huko awe na kibanda chenye paa na sakafu iliyoinuliwa, maana mvua za masika hazimjui mlinzi.

Chanjo na minyoo sitazieleza sana, ila usizipuuze. Umri huu anastahili kuwa ameshaanza chanjo za parvo na distemper, magonjwa mawili yanayoua vilebu, zinazorudiwa kila wiki tatu au nne mpaka kama wiki kumi na sita. Dawa ya minyoo kila wiki mbili mpaka afike miezi mitatu, na kilebu mwenye tumbo kama ngoma asiyelala vizuri mara nyingi minyoo ndiyo inamkesha. Miezi mitatu ikitimia apate ya kichaa cha mbwa bila kukosa. Nchi hii imejiwekea mwaka 2030 uwe wa mwisho kwa vifo vya watu kutokana na ugonjwa huo, na itafika huko kupitia mbwa kama Simba wenu. Cheti kitunze, kitakufaa hapo chini. Mtoto yeyote akitiwa meno na mbwa, wenu au wa mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, kisha hospitali siku hiyo hiyo.

Nimemweka bi mkubwa mwisho kwa kuwa ndiye mzito.

Usimtume mtoto. Nenda mwenyewe, baada ya alasiri, ukae chini. Usianze na wezi wala pampu, utaonekana unajitetea. Anza na kumuomba radhi kwa usiku nne hizo. Kisha mwambie unafanya nini: kwamba leo kizimba kinatoka uani, kinaingia ndani upande wa mbali na ukuta wake, na kwamba usiku mbili tatu za kwanza kelele kidogo zitakuwapo. Mtu akiambiwa kuna kelele za siku tatu huzihesabu. Asiyeambiwa hudhani ni za maisha. Muulize huamka saa ngapi kusali, na kama ni karibu na saa tisa, alamu yako uitangulize kidogo kabla ya saa hiyo, ili Simba awe ametoka na kurudi kabla yeye hajatawadha.

Jambo la dini usilikwepe. Kwetu mate ya mbwa ni najisi, na palipoguswa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kwa hiyo mwahidi kwamba Simba hatapita barazani kwake, hatagusa nguo zake kambani, na wajukuu wake wakija kwenu atakuwa amefungwa. Mpe na habari ya chanjo, ukipata cheti mwonyeshe. Akikuuliza kuhusu adhana, kwa kuwa wapo mbwa wanaovuta mlio mrefu muadhini akianza, usibishane naye. Wazee wana maneno yao juu ya hilo nami siyapingi. Nijualo ni kwamba mbwa huitikia sauti yoyote ndefu, hata ving'ora, na wako bado mdogo kwa mambo hayo.

Kumrudisha kwa mama yake usimrudishe. Mpe wiki mbili.

Na ile sahani usiende nayo tupu. Mahamri ameshayala, mpelekee kaimati au vipande vya papai lililoiva, chochote ulichonacho, uiache huko huko kwake bila kuiulizia. Ikirudi na kitu, hata ndimu mbili, niandikie.

Mjomba